Jicho Lililoishiwa Nguvu

Mnunuzi mzoefu akifika ufukweni Kimbiji, Dar es Salaam, asubuhi, ngalawa zikiwa zimeshavutwa mchangani, hasumbuki kumuuliza mvuvi samaki wametoka saa ngapi. Anamwinua changu, anamfunua matamvua, kisha anamtazama jicho. Jicho likiwa angavu, limetuna, mboni nyeusi tii, samaki ni wa leo. Likiwa limezama na kufanya ukungu, huyo amelala, na bei inashuka hapo hapo bila ubishi mrefu.

Jicho linasema upesi kwa sababu uangavu wake hulipiwa kila dakika. Kioo cha mbele cha jicho, kile ambacho madaktari wanakiita konea, hakina damu hata tone. Oksijeni kinaipata hewani kupitia machozi, na sukari kinaipata kwenye majimaji yaliyo nyuma yake. Kwa binadamu, upande wa ndani wa konea umetandazwa safu moja tu ya seli, na kazi ya seli hizo ni kukamua maji usiku na mchana. Ni kazi inayokula nguvu nyingi. Zikisimama, maji huingia, konea huvimba, na kioo kinageuka ukungu. Tunazaliwa na seli hizo zaidi ya 3,000 katika kila milimita moja ya mraba, na tukishakuwa watu wazima tunapoteza karibu asilimia 0.6 kila mwaka. Hazizaliani. Moja ikifa, jirani zake hujitanua kuziba pengo, basi.

Wanasayansi huita umetaboli ile kazi yote ya seli kugeuza chakula na hewa kuwa nguvu na kuwa vifaa vya ujenzi. Tumezoea kulisikia neno hilo katika habari za unene na kisukari. Katika jicho linaamua jambo zito zaidi: sehemu gani ikijeruhiwa itapona, na sehemu gani ikifa imekufa. Dar es Salaam ina kisa chake katika habari hii. Kimeandikwa katika majarida makubwa ya tiba duniani, lakini wenyeji wa jiji karibu wote wamekisahau.

Tangu mwaka 1988 madaktari wa macho jijini walianza kupokea wagonjwa wa namna moja. Wengi walikuwa vijana. Hawakuwa na jeraha, hawakuwa na wekundu wala matongotongo, hawakuwa na mtoto wa jicho. Kwa muda wa wiki kadhaa macho yote mawili yalififia, na yalififia katikati. Mgonjwa aliweza kutembea bila kugonga ukuta, kwa kuwa pembeni aliona, lakini uso wa mtu aliyesimama mbele yake ulikuwa doa. Gazeti halikusomeka. Rangi zilichujuka, nyekundu ikawa kama kutu. Wengi walilalamika pia ganzi na miguu kuwaka moto, na baadhi masikio yalianza kuwa mazito. Daktari alipomulika ndani ya jicho, mahali ambapo neva ya jicho inaingia, ambapo kwa mtu mzima wa afya pana rangi ya waridi, alikuta pamepauka upande mmoja.

Kimbiji wakati huo ilikuwa sehemu ya Temeke, mbali na mji, njia ya vumbi na minazi. Sidai kwamba ugonjwa ulianzia huko. Ninaitaja kwa sababu mambo mawili ambayo baadaye watafiti waliyashuku, yaani chakula na moshi, yanaonekana Kimbiji waziwazi kuliko mjini, na yapo hadi leo.

Mwaka 1997 Gordon Plant wa London, pamoja na A. T. Mtanda na wenzao, walichapisha maelezo kamili ya ugonjwa huo na kuuita mlipuko. Mwaka uliofuata taarifa yake ilitoka katika The New England Journal of Medicine, na nyingine ikaeleza kwamba umeonekana hata kwa wanafunzi wa shule za msingi za jiji. Kisha pakawa kimya cha miaka mingi. Mwaka 2011 kundi jingine, wakiwemo Milka Mafwiri na Richard Bowman, liliwalinganisha wagonjwa na watu wazima wa afya na kukuta tofauti mbili: wagonjwa walikuwa na upungufu wa foleti katika damu, na walikuwa wameishi zaidi na moshi wa kupikia ndani ya nyumba.

Tazama neno moja lililobadilika. Andiko la 1997 liliuita ugonjwa wa mlipuko. La 2011 liliuita ugonjwa wa kudumu wa mahali. Katika miaka 14 ugonjwa ulihama kutoka kwenye dharura kwenda kwenye mazoea, na hakuna aliyetangaza kuhama huko. Kwangu huo ni mporomoko wa kwanza, wa uangalizi wetu, na ulitangulia kusahaulika kwa wagonjwa wenyewe.

Kwa nini katikati ya jicho, na kwa nini foleti na moshi? Jibu limo katika umetaboli. Kila jicho hupeleka habari kwenye ubongo kwa nyuzi zipatazo milioni moja, kila uzi ukiwa mkia wa seli moja iliyoko kwenye retina, yaani ule utando wa nyuma unaopokea mwanga. Waya wa umeme wa nyumbani umevikwa plastiki. Nyuzi hizi nazo huvikwa mafuta, ila zikishatoka nje ya jicho. Zikiwa bado ndani ziko uchi, la sivyo mafuta yangezuia mwanga. Kupitisha ishara kwenye uzi ulio uchi kunagharimu nguvu nyingi zaidi. Ndiyo maana sehemu hiyo ya uzi imejaa mitokondria, yale majiko madogo ndani ya seli yanayochoma chakula kwa oksijeni na kutoa nguvu. Na nyuzi nyembamba kuliko zote, zisizo na akiba hata kidogo, ni zile zinazobeba habari ya katikati: uso wa mtu, tundu la sindano, herufi, rangi.

Nguvu ikipungua mwili mzima, hizo ndizo huzima kwanza. Bila foleti ya kutosha mwili hushindwa kusafisha taka iitwayo fomati, na fomati ikirundikana inazibana mitokondria palepale inapotumika oksijeni. Moshi wa mkaa nao una kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu ambayo hukalia nafasi ya oksijeni kwenye damu. Upande mmoja majiko yamezibwa, upande wa pili hewa imepungua. Chanzo kimoja cha ugonjwa wa Dar es Salaam hakijathibitishwa hadi kesho, na mwandishi mkweli lazima aliseme hilo. Lakini picha ya kuanguka kwake inafanana mno na ile ya magonjwa mengine ambayo mitokondria za neva ya jicho zimekosa nguvu. Mwaka 1988 huohuo, huko Marekani, Douglas Wallace na wenzake walionyesha kwamba upofu wa kurithi uitwao wa Leber, unaopofusha vijana katikati ya jicho vilevile, unatokana na kasoro katika vinasaba vya mitokondria.

Kuba ilipata ugonjwa wa sura hiyohiyo kati ya 1991 na 1993, Muungano wa Kisovieti ulipokuwa ukianguka na meza za watu kuwa tupu. Waliougua walizidi 50,000. Serikali ya Kuba iligawa vidonge vya vitamini kwa wananchi wote mwaka 1993, na idadi ya wagonjwa wapya ikashuka. Waliopata tiba mapema wengi walirudishiwa uoni. Waliochelewa, walichokipoteza kilibaki kimepotea.

Hapo ndipo penye kiini cha habari hii. Seli ya neva iliyokosa nguvu haifi papo hapo. Kwanza hujizima. Inaacha kupeleka ishara ili ibaki hai, kama familia inayozima taa zote na kubaki na moja ya jikoni. Mgonjwa anasema haoni, naye haoni kweli, lakini seli ingalipo. Ukimpa chakula anachokikosa, ukimtoa kwenye moshi, taa zinarudi. Kupita muda fulani, seli inakufa, na uzi wake unaoza kutoka retina hadi ubongoni. Kwa macho ya jirani, yule wa kwanza na huyu wa pili wanafanana: wote wawili wameshika fimbo. Mmoja bado ana dawa, na mwingine hana.

Nawarudia samaki. Katika miaka ya 1940 Roger Sperry, aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1981, alikata neva za macho za vyura na mijusi wa majini, akasubiri. Nyuzi ziliota upya, zikatafuta njia ya ubongoni, na mnyama akaona tena. Samaki nao wanaweza. Samaki mdogo wa mistari anayefugwa katika maabara nyingi duniani akiharibiwa retina, seli za kuegemea zilizomo ndani yake hurudi utotoni, zikagawanyika, zikazaa seli mpya za kupokea mwanga, na katika wiki chache jicho limejijenga. Sisi seli hizo za kuegemea tunazo. Zetu zikijeruhiwa huacha kovu.

Zamani ilidhaniwa kwamba kushindwa huko kujijenga ni uzee tu, kwamba kiumbe kadiri anavyoishi ndivyo uwezo wa kujijenga unavyokwisha. Mtafiti wa Kijapani Goro Eguchi na wenzake waliliweka wazo hilo kwenye mizani kwa uvumilivu wa ajabu. Kwa miaka 16 walimtoa mjusi wa majini lenzi ya jicho, wakamwacha aote nyingine, wakaitoa tena, mara 18. Taarifa yao ya mwaka 2011 ilionyesha kuwa lenzi ya mwisho, katika mnyama aliyekadiriwa kufikisha umri wa miaka 30, ilikuwa sawa na ya kijana. Kwa hiyo kufifia si sharti la uhai. Sisi mamalia tumefungiwa mlango mahali fulani, na utafiti wa miaka ya karibuni unaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kufuli hilo ni umetaboli.

Seli inayojenga haili kama seli inayofanya kazi. Seli iliyokomaa huichoma sukari hadi mwisho, kwa oksijeni, ipate nguvu yote. Seli changa inayokua huivunja sukari nusu njia tu, kwa sababu vipande vinavyobaki ni tofali zake: mafuta ya kuta, protini, vinasaba. Otto Warburg aligundua katika miaka ya 1920 kwamba retina, ingawa imekomaa, hula kwa mtindo huo wa pili hata ikiwa na oksijeni tele. Ilichukua muda mrefu kuelewa sababu. Seli za kupokea mwanga huunguzwa na mwanga uleule zinaoupokea, hivyo kila siku hukata karibu sehemu moja ya kumi ya ncha zao na kuijenga upya. Katika siku kama kumi ncha nzima imekuwa mpya. Kila asubuhi safu ya seli nyeusi iliyo chini yake humeza vile vipande vilivyokatwa, na kwa hisani ambayo sijaiona katika viungo vingine, safu hiyo hujinyima sukari inayotoka kwenye damu, ikaipitisha juu kwa wenzake, yenyewe ikala mabaki yao. Jicho letu basi linajua kujijenga. Linajua kutengeneza sehemu za seli kila siku hadi tunakufa. Lisichojua ni kuzaa seli nzima.

Neva nayo ina shida yake. Uzi unaoota unahitaji nguvu kwenye ncha, mbali na mwili wa seli, na mitokondria za seli changa hutembea kwenda huko kama wachukuzi wa soko la samaki la Feri na matenga kichwani. Katika seli iliyokomaa wengi wao wamekaa kitako. Mwaka 2008 watafiti wa Boston walizima katika panya kinasaba kimoja kinachoizuia seli kujenga, na nyuzi za neva ya jicho iliyokatwa zikaanza kuota. Mwaka 2016 watafiti wa huko huko walionyesha protini inayoziinua mitokondria zitembee. Nyuzi zikaota zaidi. Mwaka 2020 David Sinclair na wenzake waliwarudishia panya sehemu ya uoni kwa kuzirudisha seli zao nyuma kiumri. Wengine wamewapa panya wenye presha ya macho vitamini B3, kwa kuwa kemikali ya nguvu inayotokana nayo hupungua retina inapozeeka, na neva zao zikakingika. Haya ni mafanikio ya kweli, nami nayaheshimu. Yote yalikuwa kwa panya. Mgonjwa wa Kimbiji aliyepoteza nyuzi zake mwaka 1990 hajapata kitu humo.

Nchi hii, hata hivyo, ilishawahi kushinda katika jicho, na ushindi ule ulitokana na umetaboli bila mtu kulitaja neno hilo. Katika Hospitali ya Mvumi, mkoani Dodoma, Allen Foster na Alfred Sommer waliwachunguza watoto waliokuwa na vidonda vya konea na kukuta kwamba zaidi ya theluthi walikuwa wametoka kuugua surua. Surua huiteketeza akiba ya vitamini A mwilini, na bila vitamini A seli za uso wa jicho hazijui ziwe nini. Zile za kutoa utelezi hutoweka, uso wa jicho unakauka kama ngozi ya kisigino, kisha konea inayeyuka kwa siku chache. Mtoto anabaki na chamba cheupe maisha yake yote. Mwaka 1987 Foster, Sommer na mwenzao Barclay walichapisha jaribio la watoto 180 waliolazwa kwa surua hapo Mvumi. Kati ya 88 waliopewa vitamini A walikufa 6. Kati ya 92 ambao hawakupewa walikufa 12.

Leo mama wa Kimbiji anajua bila kusoma jarida lolote kwamba Juni na Desemba mtoto wa kuanzia miezi sita hadi miaka mitano anapelekwa kupewa matone ya vitamini A. Chanjo ya surua ni jambo la kawaida. Vyamba vyeupe machoni mwa watoto, vilivyokuwa sehemu ya sura ya kijiji, vimekuwa nadra. Konea ilipewa ilichokikosa ikajitengeneza yenyewe, maana uso wake wa mbele ni miongoni mwa sehemu chache za jicho letu zenye seli mama: zimekaa ukingoni, kwenye mpaka wa weusi na weupe, na hutandaza ngozi mpya ya konea katika muda wa wiki moja hivi. Fundi mwashi aliyerukiwa na chokaa jichoni anapoteza uoni hasa kwa sababu chokaa huua ukingo huo. Anayemwahi kwa maji mengi safi, bila kungoja gari la hospitali, ndiye anayemwokolea jicho.

Lakini ushindi huo ulikuwa dhidi ya njaa ya mtoto. Njaa ya seli kwa mtu mzima tumeiacha, na sasa imekuja kwa mlango mwingine, mlango wa shibe.

Mwaka 1989 Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake walichapisha katika The Lancet vipimo vya vijiji sita vya Tanzania: kisukari kilikuwa chini ya asilimia 1 ya watu wazima. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 Ilala, jijini Dar es Salaam, ililinganishwa na kijiji cha Shari mkoani Kilimanjaro. Wanaume wenye kisukari Ilala walikuwa asilimia 5.9, Shari asilimia 1.7. Mwaka 2012 uchunguzi wa taifa wa magonjwa yasiyoambukiza ulikuta asilimia 9.1 ya watu wa miaka 25 hadi 64. Tafiti hizi hazikupima watu wa umri uleule wala kwa njia ileile, kwa hiyo tarakimu zake zisiunganishwe kama mstari wa kadi ya kliniki. Mwelekeo, hata hivyo, haufichiki.

Nimeiita njaa kwa makusudi. Katika kisukari sukari imejaa kwenye damu, lakini retina inakosa hewa. Seli zinazoikaza mishipa midogo ya damu ndani ya jicho huzama katika sukari, zinaharibika, zinakufa. Mishipa inavuja, kisha inaziba. Retina, mlaji mkubwa wa oksijeni kuliko karibu kiungo chochote, inabaki na maeneo makavu na inapiga kelele kwa kemikali ikitaka mishipa mipya. Mwili unaitikia. Mishipa inaota. Inaota vibaya, milaini kama miche ya gizani, inapasuka, inamwaga damu ndani ya jicho, inavuta retina mpaka ibanduke. Hili lingepaswa kutuondolea ndoto rahisi kuhusu tiba ya kujijenga upya. Jicho la mwenye kisukari linajijenga, na kujijenga huko ndiko kunakolipofusha. Kuipa seli amri ya kukua wakati umetaboli wake umevurugika ni kumwagilia shamba lenye magugu.

Kuna ubaya mwingine ulio kimya zaidi. Mwaka 1993 huko Amerika ya Kaskazini yalitolewa matokeo ya wagonjwa 1,441 wa kisukari cha utotoni. Walioidhibiti sukari kwa ukali, miongoni mwa wale ambao macho yao yalikuwa bado safi, walipunguza hatari ya ugonjwa wa retina kwa asilimia 76. Baada ya jaribio kwisha makundi yote mawili yalifundishwa udhibiti uleule, na sukari zao zikakaribiana. Bado kwa miaka mingi wale waliochelewa waliendelea kuharibika macho kuliko wenzao. Seli zilikumbuka. Miaka ya sukari mbaya ilikuwa imeandikwa ndani yake, na miaka mizuri iliyofuata haikuifuta. Kwa hiyo mtu anayegunduliwa leo akiwa na sukari ya miaka minane asiyoijua anaanza safari na deni.

Na Kimbiji inabadilika. Daraja la Nyerere lilifunguliwa mwaka 2016, Kigamboni ikawa wilaya yake, viwanja vikauzwa, mji ukaja. Bodaboda anakaa juu ya pikipiki kutwa mahali ambapo babake alipiga kasia. Chai ya rangi ina vijiko vinne vya sukari kama zamani, ila kazi iliyokuwa ikiichoma sukari hiyo haipo. Jikoni, mama anayekaanga samaki wa kuuza bado anainamia jiko la mkaa au kuni katika kibanda cha makuti, mlango mmoja, mtoto mgongoni. Kanuni za nchi zinataka unga wa viwandani uongezwe foliki asidi na mafuta ya kula yaongezwe vitamini A, lakini unga wa mashine ya mtaani haujaongezwa kitu. Vidonge vya kuongeza damu, ambavyo ndani yake mna foliki, hupewa mjamzito. Kijana wa kiume wa miaka 22 anayeishi kwa ugali mkavu na sigara hayumo katika hesabu ya kliniki yoyote, naye ndiye aliyefanana na wagonjwa wa 1988.

Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Mazungumzo yake yamejaa misitu na mapafu, na ni haki. Utafiti wa 2011 wa foleti na moshi, uliofanywa kwa macho ya Watanzania, unastahili kuwekwa mezani pamoja navyo. Sijaona ukiwekwa.

Hukumu yangu ni hii. Tumejenga huduma ya macho inayosubiri jicho life. Tunahesabu vipofu, tunatoa mtoto wa jicho kwa kambi, na kazi hiyo ni njema, maana lenzi iliyochakaa inaweza kubadilishwa kwa dakika chache na mtu akaona kesho yake. Lakini mafanikio hayo yametuzoesha kudhani kwamba kila ukungu wa jicho una kambi yake itakayokuja. Retina na neva hazina kambi. Muda wa kuziokoa ni ule ambao seli imejizima na haijafa, na muda huo hupita mgonjwa akiwa nyumbani, akiambiwa ni uzee, au amerogwa, au avae miwani ya kuokota Kariakoo.

Kwa hiyo nakusihi wewe unayesoma haya, popote ulipo, Kimbiji au kwingine. Kijana wako akisema nyuso zimefifia katikati na nyekundu haionekani nyekundu, na miguu inawaka moto, usimpeleke kwa muuza miwani. Mpeleke hospitali ya Muhimbili au ya CCBRT wiki hiyohiyo, na umweleze daktari anakula nini na anapika wapi. Mwenye kisukari, hata kama anaona vizuri kabisa, aombe achunguzwe retina kila mwaka kwa kutiwa dawa ya kutanua mboni. Mchicha na kunde visichemshwe mpaka maji yakawa kijani na yakamwagwa, kwani foleti huondoka na maji hayo. Jiko litolewe nje, au dirisha litobolewe.

Uoni wa jicho moja unabebwa na nyuzi zipatazo milioni moja. Mpaka leo hakuna hospitali duniani inayoweza kumrudishia binadamu hata uzi mmoja uliokwisha kufa.